Moshi uko Machakos, kikohozi kiko Kajiado: nani hasa anashika kiwanda?

Swali nimelifupisha kidogo, lilikuja hivi:

"Injinia, mimi naishi Kitengela upande unaotazama Athi River. Usiku kuanzia kama saa nane mpaka alfajiri kuna moshi unaingia nyumbani, unanuka chuma kilichoungua, na asubuhi kwenye dirisha kuna vumbi jeusi. Nilienda kaunti nikaambiwa mambo ya viwanda ni ya NEMA, ile mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kwa NEMA nikaambiwa nianzie kaunti. Kurudi kaunti wakaniambia tena kiwanda kiko Machakos na mimi ni wa Kajiado. Sasa hii serikali ya kaunti ina nguvu gani juu ya moshi wa kiwanda, ama wananizungusha tu? Na mtoto ana miaka mitatu, nifunge madirisha ama nihame?"

Dadangu, pole kwanza. Wanakuzungusha, ndiyo, lakini kinachoudhi ni kwamba kila mmoja amekwambia kipande cha ukweli, na ndio maana hukujua umshike nani shati. Mimi kazi yangu kwa zaidi ya miaka kumi na tano ni kupanda kwenye mabomba ya moshi kupima kinachotoka na kuandika zile ripoti za ukaguzi ambazo zinalala kwenye makabati, kwa hivyo nitakwambia vile mambo yako kwenye karatasi halafu vile yako getini, na hivyo viwili usivichanganye.

Tuanze na karatasi. Fungua Katiba ya 2010, enda nyuma kabisa kwenye Jedwali la Nne, sehemu ya pili, ile ya kazi za kaunti, namba 3. Imeandikwa wazi, kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele, kero zingine za umma na mabango ya matangazo. Hewa imewekwa pamoja na mabango, na ukiniuliza mimi hapo ndipo shida ilianzia, maana mabango yanaleta pesa kila mwezi na hewa haileti kitu, sasa jiulize kaunti zilipoanza 2013 zilikimbilia nini kwanza. Lakini kazi ni yao. Ofisa wa kaunti akikwambia moshi si kazi yake, mwambie kwa upole asome hiyo namba 3.

Sasa mbona amekutuma NEMA? Kwa sababu kulinda mazingira kwa jumla Katiba imewapa serikali ya kitaifa, na kabla kaunti hazijazaliwa tayari kulikuwa na sheria kubwa ya mazingira ya 1999, ile watu wanaita EMCA, na NEMA ilianza kazi 2002. Halafu 2014 zikatoka kanuni za ubora wa hewa chini ya hiyo sheria, ndizo zikaleta viwango vya kila aina ya uchafu na leseni ya kutoa moshi kwa viwanda, na masharti ya kupima bomba na kupeleka majibu. Inspekta wa mazingira chini ya EMCA anaweza kuingia kiwandani na kuchukua sampuli, na akipata idhini ya maandishi ya mkurugenzi mkuu wake anaweza kufunga mtambo. Hayo ni meno. Kaunti imepewa kazi, NEMA imepewa meno, halafu wananchi wameachwa katikati wakipelekwa huku na huku kama chenji ya matatu.

Na hayo meno yenyewe usiyaone makali sana mpaka ujue vile kipimo kinapatikana. Nikupeleke juu ya bomba dakika mbili.

Kiwanda kinapigia maabara iliyosajiliwa, tunakubaliana siku. Hapo tayari umeshaelewa, eh? Tunakubaliana siku. Tunafika saa mbili asubuhi na mizigo, bomba refu la chuma, pampu, na karatasi za chujio ambazo tumezipima uzito ofisini hadi sehemu ndogo ya miligramu. Tunavaa hanesi tunapanda ngazi. Juu huko kunatakiwa kuwe na tundu upande wa bomba la kupitishia kifaa, na tundu lenyewe liwe mbali na kona, karibu mara nane ya upana wa bomba kutoka kona iliyo chini, maana moshi ukipita kona unavurugika na kipimo kinadanganya. Nimepanda mara ngapi nikakuta tundu liko sentimita chache juu ya kona, ama halipo kabisa, fundi anakuja na grinda anatoboa nikiwa nimesimama hapo. Ukishaingiza kifaa lazima uvute ile hewa kwa kasi ileile inayopita ndani ya bomba, ukivuta polepole ama kwa nguvu sana chembe zitakuja nyingi ama chache kuliko zilivyo. Unakaa hapo juu kama saa nzima ukisogeza kifaa inchi kwa inchi, jua linakuchoma mgongo, bomba linakuchoma mikono. Chini supavaisa ameamrisha tanuri lifanye kazi taratibu leo, skrepu, yaani vyuma chakavu, iliyoletwa ni safi, haina rangi wala mafuta, haina plastiki. Nateremka, napima karatasi, namba inakuwa nzuri. Naiandika kwa sababu ndiyo niliyoiona, sikudanganya, lakini siku hiyo kiwanda kilikuwa kimevaa nguo za harusi.

Ndio maana mimi nawaambia watu msikimbilie kuuliza kama kiwanda "kilipita". Uliza kilipimwa saa ngapi, tanuri lilikuwa limebeba tani ngapi kulinganisha na siku ya kawaida, na lile tundu liko wapi. Ripoti nzuri ina majibu ya hayo yote matatu.

Turudi kwa usiku wako. Watu wengi wakiona moshi usiku wanasema kiwanda kinazima chujio wakati NEMA wamelala. Inawezekana, sikatai. Ile feni kubwa inayonyonya moshi kuupitisha kwenye mifuko ya chujio inakula stima vibaya, na mifuko yenyewe ikiziba ama ikitoboka kubadilisha ni pesa nyingi, kuna mahali nilikuta mlango wa pembeni wa bomba umefungwa na waya ukiwa wazi, moshi unapita kando ya chujio moja kwa moja, na waya ulikuwa na kutu, yaani si wa jana. Lakini kuna mambo mengine mawili ya usiku ambayo si wizi. La kwanza ni hewa yenyewe. Usiku usio na mawingu kwenye tambarare za Athi ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na ikishakuwa hivyo moshi unakosa kupanda, unatambaa chini kama ukungu mpaka jua lipashe ardhi kama saa tatu asubuhi. Kiwanda kinaweza kutoa kiasi kilekile mchana na usiku, mchana unapotelea juu, usiku unakuja kukulalia. Ukiongeza kwamba upepo wa huku kuanzia kama Novemba hadi Machi unatoka sana kaskazini mashariki, na nyinyi mko kusini magharibi mwa Athi River mjini, basi mko mdomoni kabisa.

La pili, ukisema harufu ni chuma kilichoungua mimi siendi kwa saruji. Viwanda vingi vya saruji upande huo vinasaga, vinatoa vumbi la kijivu, na vumbi la saruji likipata umande linashika kama plasta, kucha haliondoi. Vile vyenye tanuri la kuchoma klinka, ile inayosagwa kuwa saruji, kwenye joto la kama nyuzi 1450, shida yao ni tofauti, wanaotumia chujio la umeme kuna wakati gesi ya kaboni monoksaidi ikipanda mtambo unazima chujio wenyewe ili lisilipuke, na hapo utaona wingu la ghafla la dakika kadhaa halafu linakatika. Yako inakaa masaa manne matano mfululizo na ni nyeusi. Hiyo inafanana na kuyeyusha skrepu. Moshi mwingi wa kazi hiyo unatoka pale skrepu inapomwagwa ndani ya tanuri, kila mara inapomwagwa, na kama ule mwavuli wa kunyonya haukai vizuri juu ya tanuri basi moshi haupiti bombani kabisa, unatoka kwa paa na madirisha ya godauni. Umenielewa? Mimi naweza kupima bomba mwaka mzima nipate majibu safi na nyinyi mnakufa na moshi, kwa sababu moshi hauko bombani.

Jaribu hili. Chukua sumaku hata ya spika iliyoharibika, ifunge na karatasi laini, ipitishe juu ya vumbi la dirishani. Vumbi likiruka na kushika, kuna chuma ndani. Si ushahidi wa mahakamani, na barabara ya Namanga nayo na malori yake inatoa chembe za breki ambazo zinashika sumaku pia, kwa hivyo linganisha na vumbi la dirisha la upande wa barabara. Ukilisugua kidoleni na likapaka kama masizi ya mafuta bila kushika sumaku, fikiria boila ama jenereta.

Sasa ndio nije kwa kitu ambacho ningetaka ushike kuliko vyote hivi. Nguvu ya kaunti juu ya kiwanda haiko sana kwenye sheria zenye jina la hewa. Iko kwenye karatasi za kuchosha ambazo hakuna mtu anaziita za mazingira. Nitakutajia tatu.

Ardhi kwanza. Kiwanda hakiwezi kujengwa kihalali bila kibali cha kaunti cha maendeleo chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, na kama ploti ilikuwa ya makazi ama shamba lazima wabadilishe matumizi, na hayo mabadiliko yanatangazwa ili majirani wapinge. Wakati huo ndio kaunti ina nguvu kuliko wakati mwingine wowote, kabla simiti haijamwagwa. Na hapo ndipo tulipoharibikiwa, maana huku kwetu kuna mahali kiwanda kilitangulia kikiwa porini halafu kaunti hiyohiyo ikaidhinisha nyumba za kupanga mpaka ukutani, na kuna mahali nyumba zilitangulia. Ni muhimu ujue yako ni gani, kwa sababu wakili wa kiwanda hilo ndilo swali lake la kwanza. Halikuondolei haki yako, hewa safi ni haki yako chini ya kifungu cha 42 hata kama umehamia jana, lakini jiandae.

Karatasi ya pili ni leseni ya biashara ya kila mwaka. Bila hiyo kiwanda hakifungui. Nilishaona kiwanda kimoja, sitakitaja, kilichocheza na barua za mazingira karibu miaka miwili, wanajibu "tunafanya utaratibu wa kuagiza vipuri", kila barua utaratibu. Ikafika Januari, ofisa mmoja wa kaunti mwanamke mpole sana akakataa kusaini upya leseni ya biashara mpaka aone mifuko mipya ya chujio kwa macho yake. Hakupiga kelele, hakuita vyombo vya habari. Malori yao yakaanza kusimamishwa kwa kukosa stika. Mifuko ilifika ndani ya wiki chache, sijui hizo meli zilienda mbio namna gani.

Ya tatu ndiyo watu wameisahau kabisa, na mimi naipenda. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, sheria ya wakati wa mkoloni lakini iko hai. Kifungu cha 118 kinaorodhesha vitu vinavyohesabika kama kero, na ndani yake kuna bomba linalotoa moshi kwa wingi ama kwa namna inayoudhi ama kudhuru afya. Ona hapo, haikusema mikrogramu ngapi wala haikuomba maabara. Ofisa wa afya ya umma akiridhika kwamba ni kero anaandika notisi, anampa mwenye kiwanda muda wa kuondoa, akikaidi wanaenda kwa hakimu. Na maofisa wa afya ya umma tangu ugatuzi ni wa kaunti! Wale wanaokagua mikahawa na vyeti vya mahoteli, ndio hao. Wengi wao hawajawahi kutumia kifungu hiki kwa kiwanda, wamezoea vibanda vya chipsi, na mwenye kibanda hana wakili. Lakini kipo, na ukienda na malalamiko ya nyumba ishirini badala ya moja inakuwa ngumu kwao kusema hawakujua.

Nikwambie pia kwa nini siamini sana hii habari ya "nendeni NEMA watamaliza". Kumbuka Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kupata madini ya risasi (lead) kilianza 2007 ukutani mwa mtaa wenye watu kama 3,000, kikiwa chini ya mpango wa EPZ, ule wa viwanda vya kuuza bidhaa nje. Phyllis Omido aliajiriwa hapohapo kiwandani, mtoto wake akaugua, vipimo vikaonyesha ana risasi kwenye damu, na ndipo akaanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilikuja kufungwa 2014. Kesi iliingia mahakama ya mazingira na ardhi 2016, hukumu ikatoka Julai 2020, fidia ya shilingi bilioni 1.3, na waliopatikana na lawama si wenye kiwanda peke yao, NEMA walikuwemo, mamlaka ya EPZ walikuwemo, wizara zilikuwemo. Mahakama ya Rufaa ikaja 2023 ikaitengua ile fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Hesabu miaka mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipowashwa alikuwa anamaliza sekondari. Kila ofisi pale ilikuwa na kibali chake, na kila moja ilidhani ile nyingine ndiyo inaangalia moshi. Na risasi usifananishe na huo moshi wako, ile haina harufu ya kukuamsha usiku, inakaa kwenye udongo ambao mtoto anachezea.

Basi tuje kwa mpaka, maana hapo ndipo ofisa wako wa Kajiado alikushinda. Kiwanda kiko Machakos, na ofisa wa Kajiado kweli hawezi kuvuka akamwandikia notisi. Lakini Katiba haikumpa ruhusa ya kukunja mikono, kifungu cha 189 kinasema kaunti zishirikiane na kinaruhusu waunde kamati za pamoja ama hata mamlaka ya pamoja. Hakuna sheria mpya inayohitajika, ni watu wa kukaa chini.

Na hilo wazo si geni duniani, wenzetu waliobanwa na moshi kabla yetu waligundua jambo hilohilo. Los Angeles, Julai 1943, katikati ya vita, mji uliamka na wingu linalochoma macho mpaka wengine wakadhani wameshambuliwa na Wajapani. Lawama ikaenda kwa kiwanda kimoja cha kutengeneza malighafi ya mpira, kikabanwa, na wingu likaendelea kuja. Shida yao ilikuwa kwamba ndani ya kaunti kulikuwa na miji midogo mingi, kila mmoja na sheria yake, na miji iliyoishi kwa kodi ya viwanda haikuwa na haraka ya kuvibana, moshi ukivuka barabara umekuwa wa mwingine. Mwaka 1947 wakapata sheria ya jimbo ya kuunda wilaya moja ya hewa ya kaunti nzima, kila kiwanda kiombe kibali kwake. Baadaye wakaona hata kaunti moja ni ndogo kwa moshi, sheria ya 1976 ikaunganisha kaunti nne ikawa mamlaka moja ambayo mpaka leo ndiyo inasimamia. Inaendeshwa kwa kiasi kikubwa na ada za vibali ambazo viwanda vyenyewe vinalipa, ina bodi ya watu watano inayosikiliza kesi na inaweza kuamuru mtambo usimame. Lakini kitu kilichonivutia mimi kuliko hayo ni namna inspekta wao anavyofanya kazi. Mtu akipiga simu kulalamika, inspekta haanzi kiwandani. Anaenda kwanza kwa aliyepiga simu, anasimama uani kwake ananusa, halafu anafuata upepo kurudi nyuma, mtaa kwa mtaa, mpaka harufu iishe upande wa pili wa chanzo. Kwa hivyo mpaka wa mji haumhusu, anafuata pua. Sisi hapa ofisa anaanzia getini kwa kiwanda, anaandikisha kitabu cha wageni, anapewa soda, na wakati huo simu imeshapigwa ndani.

Na wao pia si malaika, tusije tukawapamba. Kiwanda cha kuyeyusha betri kule Vernon kilirusha risasi kwenye mitaa ya watu wa kipato kidogo kwa miaka mingi na hakikufungwa moja kwa moja mpaka 2015. Ni betri zilezile za Owino Uhuru.

Sawa, sasa ufanye nini. Usianze na barua, anza na daftari. Wiki tatu, kila usiku, andika saa umeanza kunusa, saa umeisha, upepo ulitoka wapi, hata kwa kuangalia moshi wa jirani ama nguo kwenye kamba, na harufu ilikuwa ya nini. Andika pia usiku ambao hakukuwa na kitu, hizo siku tupu ni za thamani kuliko unavyodhani kwa sababu zinaonyesha huandiki kwa hasira. Tafuta majirani watano sita walio sehemu tofauti waandike zao bila kuangaliziana. Piga picha kutoka pahali pamoja kila siku, ukiwa na nguzo ama tangi la maji kwenye picha kama alama, video ya WhatsApp iliyotumwa mara mia mbili haina tarehe wala mwenyewe. Kama mtu ana vile vifaa vidogo vya kupima vumbi, vizuri, lakini alfajiri yenye ukungu vinasoma juu kupita kiasi maana vinahesabu matone ya maji kama vumbi, kwa hivyo usikimbie redioni na namba ya saa kumi na moja asubuhi. Kanuni za 2014 ziliweka vumbi laini, PM2.5, lisizidi mikrogramu 75 kwa wastani wa masaa 24, na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema 15. Ukipata 60 kiwanda kitakwambia kiko ndani ya hiyo 75, na mapafu ya mtoto hayajasoma gazeti la serikali.

Ukiwa na daftari, andika barua moja, moja tu, anwani tatu juu yake: ofisa wa afya ya umma wa Machakos, idara ya mazingira ya Kajiado, na NEMA, ili kila mmoja aone mwenzake amepata. Hapo mchezo wa "anza na fulani" unaisha maana wote wameanza. Peleka kwa mkono, wapige muhuri wa kupokea kwenye kopi yako, na hiyo kopi usimpe mtu. Katika barua hiyohiyo omba chini ya sheria ya kupata habari ya 2016 ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mazingira ya kila mwaka, majibu ya vipimo vya bomba na leseni ya kutoa moshi. Wana siku 21 kukujibu, wakinyamaza kuna ofisi ya Ombudsman ya kwenda kulalamika. Kiwanda kukosa hizo karatasi ni kosa kubwa na rahisi kuthibitisha kuliko moshi wenyewe, na nakuhakikishia nusu ya kesi nilizoona zimefaulu zilifaulu kwa karatasi iliyokosekana.

Ikishindikana kote, mahakama ya mazingira na ardhi iko, na kifungu cha 70 cha Katiba kinasema huhitaji kuonyesha kwamba umepata hasara ama umeumia, inatosha haki ya mazingira safi inavunjwa ama inatishiwa. Ila hiyo iwe ya mwisho, umeona Owino Uhuru ilichukua muda gani. Na mkisikia kuna upanuzi wa kiwanda ama tanuri jipya, hapo msingoje, leseni ya tathmini ya mazingira ikishatoka mna siku 60 za kwenda kwenye Mahakama Maalum ya Mazingira, ile tribunal, si ile ya mazingira na ardhi, kuipinga, zikipita mlango huo umefungwa.

La mtoto. Usihame kesho, kodi ya Kitengela ilivyo sasa najua si mchezo, na unaweza kuhamia karibu na jiko la mkaa la jirani ukapata moshi mbaya kuliko huo. Funga madirisha ya upande wa mashariki na kaskazini kuanzia unapolala mpaka kama saa tatu asubuhi, kisha fungua nyumba nzima kuanzia saa nne hadi jioni hewa ipite, maana nyumba iliyofungwa kutwa ni mbaya pia. Mtoto alale chumba kilicho mbali na Athi River. Vumbi la dirishani usilifagie kavu, lifute na kitambaa kilicholowa, na viatu viachwe mlangoni. Na akiwa anakohoa usiku zaidi ya wiki mbili ama unasikia kifua kinapiga filimbi mpeleke hospitali, mwambie daktari aandike kwenye kadi kwamba mnaishi karibu na kiwanda, kopi ya hiyo kadi iweke ndani ya lile daftari.

Ile sumaku ikishika, nitumie picha.